Datsun 240Z ya vipuri vya magari mengine: kutoka dalili hadi chanzo

240Z ambayo haijaguswa tangu itoke kiwandani ni gari jepesi kutibu. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kabureta mbili, pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme wa koili) na waya za kuhesabika. Ukiwa na kitabu cha kiwanda na subira, huna cha kuogopa. Gari hilihili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, kwa hiyo uimara wake si wa kubishania.

Taabu ni kwamba magari ya namna hiyo yamekwisha. Linalopatikana leo lina injini ya 280Z, giaboksi ya 280ZX (zote mbili ni Z zilizokuja baadaye), kalipa za Toyota, alteneta ya mwaka mwingine na distribyuta isiyojulikana ilikotoka. Kila kipuri ukikipima peke yake ni kizima. Ugomvi uko pale kipuri cha gari moja kinapoungana na cha gari jingine, na huko ndiko tutakakochungulia kwanza kwa kila dalili iliyo hapa chini. Anayeanza kwa kubadilisha kilichochakaa atamaliza pesa kabla hajafika kwenye maungio.

Kabla ya kushika spana

Andika orodha ya kila kitu kisicho cha gari hili. Namba iliyogongwa kwenye bloku inakuambia kama una L24 (cc 2393), L26 (cc 2565) au L28 (cc 2753). Kwenye hedi kuna herufi zilizosubiwa: E31 na E88 ni za mwanzo, N42 na N47 zilikuja na 280Z, P79 na P90 ni za 280ZX. Bloku nazo zina alama zao, N42 na F54 zikiwa ndizo utakazokutana nazo sana kwenye L28.

Tafuta pia mwezi ambao gari liliundwa. Katikati ya mwaka 1971 difu ilisogezwa nyuma milimita 35 ili shafti za magurudumu zikae zimenyooka, na vishikizo vyake vikabadilika. Muuzaji akikuambia "hii ya Z, itaingia tu", muulize Z ya mwaka gani. Asipojua, pima mwenyewe kabla ya kulipa.

Inawaka ukizungusha ufunguo, ukiachia inakufa

Hapa watu wengi hufungua kabureta na kubadilisha pampu ya petroli. Ni kazi bure. Injini iliyoishiwa petroli hufa kwa kusuasua. Hii inakufa papo hapo, kana kwamba mtu amezima swichi, na kwa kweli ndivyo ilivyo.

Umeme wa koili una njia mbili. Stata inapozunguka, koili hupata umeme wa betri moja kwa moja. Ukiachia ufunguo, umeme hupita kwenye rezista ya kauri iliyo jirani na koili. Rezista ikikatika, njia ya kwanza inafanya kazi na ya pili imekufa. Washa ufunguo bila kuwasha injini, pointi zikiwa zimefungana, kisha pima volti kwenye upande chanya wa koili. Ukipata kati ya 6 na 8, njia ni nzima. Ukipata sifuri, fuata waya kurudi nyuma.

Usiishie kwenye rezista. Katika 240Z umeme huo wa koili hupita pia kwenye geji ya mizunguko, ndani ya dashibodi, kwa sababu geji hiyo inasoma mkondo wa umeme unaopita ndani yake. Aliyeing'oa geji ili airembeshe, au aliyeweka ya 280Z bila kuziunga zile waya mbili zilizobaki, amekata chakula cha koili bila kujua. Ziunge, injini itakaa.

Jambo hilohilo ndilo linalofanya geji ife au irukeruke baada ya kuweka distribyuta ya elektroniki. Ile ya 280ZX ya 1979 hadi 1981, yenye moduli ya E12-80 ubavuni, inapendwa sana, na kwa haki: pointi zinaondoka na moto wa plagi unakuwa imara. Lakini inataka volti 12 kamili, kwa hiyo rezista lazima irukwe, na geji ya zamani mara nyingi haielewi inachosomeshwa. Geji ya 280Z husoma volti kutoka upande hasi wa koili, nayo huelewana vizuri na mfumo wa elektroniki. Badilisha geji, au tafuta kifaa cha kati cha kuitafsiria.

Na koili ifuatane na distribyuta yake. Koili ya mfumo wa elektroniki ina ukinzani mdogo, chini ya ohm 1. Ukiiweka kwenye gari lenye pointi, pointi zitaungua mapema na utailaumu kondensa.

Umezima ufunguo, injini inaendelea

Sikiliza inavyoendelea. Ikikohoa, ikitikisika na kunguruma bila mpangilio kisha ikafa, hiyo ni joto na kaboni ndani ya chemba, au silensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, iko juu mno. Punguza silensa, angalia taimingi (wakati plagi inapopiga moto), basi.

Ikiendelea kwa utulivu kabisa, kana kwamba hukugusa ufunguo, muulize mwenye gari kama alteneta imebadilishwa. Alteneta ya 280ZX ya ampea 60 ina katauti (kidhibiti cha kuchaji) yake ndani, wakati 240Z ilikuwa na katauti ya nje iliyofungwa kwenye bodi. Ukiunga mpya kwenye waya za zamani, umeme hurudi kupitia ule waya mwembamba wa kuiamsha alteneta na kuilisha koili. Injini inajilisha yenyewe. Ili uhakikishe, chomoa plagi ndogo ya alteneta wakati injini inaendelea. Ikizima hapohapo, umempata mwizi. Tiba ni diodi moja kwenye waya huo, mstari wake ukielekea upande wa alteneta, ili umeme uende bila kurudi.

Ukiwa hapo, shika waya za nyuma ya geji ya ampea baada ya kuendesha usiku. Kwenye 240Z umeme wa kuchaji unapita humo, na alteneta kubwa inapitisha mwingi kuliko waya hizo zilivyokusudiwa. Zikiwa na moto, zibadilishe kwa nene kabla hazijakubadilishia gari.

Taimingi haikubali kukaa

Unaizungusha distribyuta mpaka inagota mwisho wa nafasi yake, na bado moto unachelewa. Kwenye injini iliyofunguliwa karibuni, chanzo karibu kila mara ni shafti ya pampu ya oili, kwa sababu ndiyo inayoiendesha distribyuta kutoka chini. Pampu ikirudishwa na shafti ikiwa imekosea jino moja, distribyuta nzima inakaa imepinda.

Weka pistoni namba 1 juu kabisa kwenye mpigo wa kubana, chomoa distribyuta, chungulia shimoni. Ulimi wa shafti unatakiwa ukae kama mishale ya saa, mfupi ukiwa umepita kidogo namba 11 na mrefu ukiwa kwenye namba 5, na ile nusu duara ndogo ielekee mbele ya gari. Isipokuwa hivyo, shusha pampu, zungusha jino moja, rudisha. Kisha hakikisha waya za plagi: mpangilio ni 1-5-3-6-2-4, na rota huzunguka kinyume cha saa. Waliozoea injini nyingine hukosea hapo mara nyingi.

Ikiwa shafti imekaa sawa na bado taa ya taimingi inakuonyesha mambo ya ajabu, usiiamini puli. Puli ya mbele ni vipande viwili vilivyogundishwa kwa mpira, na mpira ukizeeka pete ya nje huteleza pamoja na alama zake. Tena puli za zamani zina mistari kadhaa inayosomwa kwa kidole kimoja, wakati za baadaye zina mstari mmoja na kipimo chenye nyuzi kwenye kifuniko cha cheni. Ukichanganya puli ya moja na kifuniko cha nyingine, namba unazosoma hazina maana. Tafuta mwenyewe kilele cha pistoni namba 1 kwa kipimo shimoni mwa plagi, upige alama mpya.

Kuna pia gari ambalo taimingi ya moto ni sahihi lakini halivuti chini ya mizunguko 3,000. Uliza kama hedi ilikatwa ili kunyooshwa. Hedi ikishuka, kamshafti inashuka nayo, cheni inalegea na kamshafti inachelewa. Sproketi ina matundu matatu yenye namba kwa ajili ya kufidia hali hiyo. Hamisha kwenda tundu linalofuata. Ila kabla ya kuitoa sproketi, gonga kabari ya mbao katikati ya cheni ili ibane kikazio. Bila kabari, kikazio kinachomoka chini, na huwezi kukirudisha mpaka ufungue kifuniko chote cha mbele. Kazi ya dakika chache inageuka ya siku nzima.

Injini inagonga ukiikanyaga

Mlio ni kama changarawe ndani ya kopo, hasa mlimani kwenye gia ya juu. Kwanza rudisha taimingi nyuma kidogo uone kama mlio unapungua. Ukipungua, hesabu ulichochanganya. Bloku ya F54 kutoka 280ZX ya 1981 hadi 1983 ina pistoni bapa, na kiwanda kiliifunga na hedi za P79 na P90 ambazo chemba zake ni kubwa. Watu huifunga na N42 au E31 zenye chemba ndogo, wakitafuta nguvu. Wanaipata, lakini mgandamizo unapita 10 kwa 1, na petroli ya kawaida haiustahimili.

Petroli ya okteni ya juu ni njia mojawapo, na mkunjo wa taimingi wa distribyuta uliorekebishwa, yaani jinsi moto unavyowahishwa kadiri mizunguko inavyopanda, ni nyingine. Gasketi nene ninaiona kama njia ya kujidanganya, maana inapunguza mgandamizo lakini inaiweka pistoni mbali na hedi na mchanganyiko unaungua vibaya zaidi. Mwenye gari la kutembelea kila siku namshauri P90 na asahau hadithi za E31.

Asubuhi sawa, ikipata moto inasumbua

Kwenye injini hizi kabureta zimekaa juu kabisa ya manifoldi ya ekzosi. Ukizima kwa dakika kumi baada ya safari, joto lote linapanda na petroli inachemka kwenye bakuli. Ukiwasha tena inamisi, inatetemeka, halafu baada ya kilomita moja inatulia. Kabureta bapa za 1973 zilizouzwa Marekani zilijulikana kwa ugonjwa huu kuliko za duara zilizotangulia, ndiyo maana wengi walizitupa na kurudisha za duara.

Angalia vitu vitatu ambavyo waliotangulia hupenda kuvipoteza: bati la kuzuia joto chini ya kabureta, vipande vinene vya kuhami kati ya kabureta na manifoldi, na bomba la kurudisha petroli kwenye tangi. Hilo la mwisho ndilo muhimu zaidi. Likizibwa, petroli inasimama kwenye bomba la juu ya injini ikipikwa, badala ya kuzunguka na kurudi ikiwa ya baridi. Mtu aliyeweka kabureta tatu za Weber mara nyingi amelikata bila kufikiri.

Pampu ya umeme nayo huleta dalili za kufanana lakini kwa njia tofauti: petroli inafurika, plagi nyeusi, harufu kali. Kabureta hizi zinataka shinikizo la psi 3 hadi 4 hivi. Pampu iliyokusudiwa injini ya sindano (inayopuliziwa petroli bila kabureta), kama ya 280Z, inasukuma mara kumi ya hapo na haifai kabisa bila kubadilisha mfumo mzima. Na pampu yoyote ya umeme iunganishwe kupitia swichi ya shinikizo la oili au relei ya usalama, ili injini ikizima kwa ajali pampu izime nayo.

Silensa haitulii

Kabureta ziguswe mwisho. Kwanza valvu: injini ikiwa baridi, milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za ekzosi. Kisha kompresheni, silinda dhaifu isiwe chini ya asilimia 80 ya ile yenye nguvu. Kisha moto. Ukianza na kabureta utakuwa unaficha ugonjwa wa mahali pengine.

Ukifika kwenye kabureta zenyewe, anza na nati ya chini ikiwa imeshuka mizunguko miwili na nusu kutoka juu, zote mbili sawa. Inua pistoni ya kabureta moja kwa milimita moja hivi. Injini ikiongeza mwendo kidogo kisha ikarudi, mchanganyiko ni mzuri. Ikiongeza na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kufa, imepungua. Kusita unapokanyaga ghafla, wakati silensa ni tulivu, ni oili iliyokwisha kwenye bomba la juu la kabureta. Kila mtu huisahau. Ikiwa hakuna marekebisho yanayoshika, tikisa shafti ya throtoli kwa vidole: ikicheza, inavuta hewa, na kabureta iliyookotwa ikiwa imechakaa hapo inataka bushi mpya.

Gia zinalia, au klachi inateleza

Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote katika kuchanganya vipuri vya Z, na umewafanya watu wengi washushe giaboksi mara ya pili.

Beringi ya klachi imepachikwa kwenye koleo, yaani bomba fupi la chuma linaloteleza juu ya shafti ya giaboksi. Koleo hizo zina urefu tofauti, kwa sababu presha pleti (sahani zinazobana klachi) nazo zina vimo tofauti: ya 240Z si sawa na ya 280Z, na ya gari la viti vinne yenye kipenyo cha milimita 240 si sawa na ya viti viwili yenye 225. Watu hudhani koleo ni mali ya giaboksi. Ni mali ya presha pleti. Ukiweka giaboksi ya gia tano pamoja na koleo lake, kwenye presha pleti uliyonunua mpya ya aina nyingine, matokeo ni moja kati ya mawili.

Koleo likiwa fupi, uma (wenzo unaolisukuma) unafika mwisho kabla klachi haijaachia. Dalili yake ni rivasi kulia, kwa kuwa gia hiyo haina sinkronaiza ya kuificha shida, na kanyagio linaachia karibu na sakafu. Koleo likiwa refu, beringi inasukuma presha pleti muda wote, klachi inateleza na kuungua mapema.

Kabla ya kushusha chochote, mwambie mtu akanyage klachi huku ukiangalia kijiti cha silinda ya chini. Kikitoka zaidi ya sentimita moja kwa nguvu na klachi bado haiachii, hidroliki haina kosa. Kikitoka kidogo tu, toa upepo na uangalie silinda zote mbili kwanza. Utakuwa umejiokolea jasho.

Kipimo wanachokitumia wenye magari haya ni milimita 92 kutoka uso wa flaiwili hadi pale uma unapogusa koleo, presha pleti ikiwa imefungwa na beringi ikiwa mahali pake. Pima mezani, kabla giaboksi haijapanda. Ni rula na kipande bapa cha chuma tu.

Jambo jingine la hapohapo: injini iliyotoka kwenye gari la otomatiki ina kipande cha ziada kwenye tundu la nyuma la krenki. Kisipotolewa na kuwekwa bushi ya shaba, giaboksi inagoma kukaa sentimita chache kabla ya mwisho. Usijaribu kuivuta kwa bolti. Utapasua masikio ya giaboksi.

Breki: kanyagio refu, au zinashika kama mwendawazimu

Kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux ni maboresho maarufu kwa sababu zinaingia kwenye mikono ya 240Z kwa kazi ndogo. Zikishafungwa, mwenye gari hulalamika kanyagio limekuwa refu. Ni sawa, pistoni nyingi zinataka mafuta mengi. Masta silinda ya asili ina kipenyo cha inchi 7/8, milimita 22.2. Ile ya 280ZX ya 1979 hadi 1981 ni inchi 15/16, milimita 23.8, nayo inarudisha kanyagio juu. Fuata herufi F na R zilizosubiwa kwenye masta silinda. Usidhani mpya imepangwa kama uliyoitoa.

Kanyagio likiwa laini hata baada ya kutoa upepo mara kadhaa, tazama skrubu za kutolea upepo ziko wapi. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto inaingia vizuri kabisa, ila skrubu yake inabaki chini na upepo unabaki juu. Hakuna kiasi cha mafuta kitakachouondoa.

Sasa dalili ya kutisha zaidi: kanyagio linashuka bure kwa sentimita mbili hivi, kisha breki zinashika ghafla kwa mguso mdogo, kiasi kwamba huwezi kusimama kwa ustaarabu. Hii hutokea baada ya kubadilisha masta silinda, na wengi hununua masta nyingine. Ndani ya busta (kifaa kinachouongezea mguu nguvu ya breki) kuna kidude cha mpira, duara ndogo, kinachokaa nyuma ya kijiti kinachosukuma masta silinda. Ukikivuta kijiti, duara hiyo inadondoka ndani ya busta na inabaki humo. Itoe busta, iitikise mpaka duara itokee, ibandike mahali pake kwa gundi kidogo, na kijiti ukirudishe bila kukivuta tena.

Kinyume chake ni breki zinazokaza zenyewe kadiri gari linavyopata moto. Kijiti hichohicho kimerefushwa kupita kiasi, kinaizuia pistoni ya masta silinda kurudi mwisho, na mafuta yaliyopanuka hayana njia ya kurudi kwenye chupa. Legeza nati mbili za masta silinda, isogeze mbele milimita chache. Magurudumu yakiachia, fupisha kijiti.

Nyuma kunagonga

Kukigonga mara moja unapoachia klachi na mara moja unapoachia mafuta, inua difu kwa jeki mbele. Ikipanda peke yake, raba yake ya mbele imepasuka, jambo la kawaida kabisa kwenye magari haya. Isipopanda, tikisa krosi za shafti moja moja.

Kugonga kwenye mashimo, bila kuhusiana na mafuta, mara nyingi ni shokomzoba ya kuingiza ambayo haijabanwa ndani ya bomba lake. Shokomzoba za magari mengine zinaweza kuwa fupi kwa milimita chache. Nati ya juu inakaza bomba lakini haibani kitu. Weka kipande cha bomba chini yake.

Difu ya R200, iliyo imara kuliko R180, inataka upau wake wa nyuma wa kuishikilia. Ule wa R180 hauingii. Na ukiweka bushi ngumu kwenye upau huo, mlio wa difu utaingia ndani ya gari hata difu ikiwa nzima. Hapo hakuna cha kutengeneza.

Kuhusu bushi ngumu, kwenye vijiti vya mbele vinavyozuia gurudumu lisirudi nyuma usiziweke pande zote mbili. Kijiti kinakosa nafasi ya kupinda na vimeshakatika, gari likiwa mwendoni. Upande mmoja uwe raba.

Usukani unatetemeka kwenye kilomita 80 hivi

Balansi ya magurudumu kwanza, kisha raba za raki na ile raba ya kuunganisha shafti ya usukani. Kama rimu ni za gari jingine, angalia nati: 240Z inatumia uzi wa M12 wenye hatua ya 1.25, Toyota wa 1.5. Nati isiyo yake inaanza vizuri, inakaza, kisha inakula uzi. Rimu za aloi zinazohitaji nati zenye shingo zikifungwa kwa nati za koni, hazikai katikati na hutetemeka hata zikibalansiwa upya.

Harufu ndani

Tenganisha harufu ya petroli na ya moshi. Petroli inatoka kwenye mipira ya mvuke iliyofichwa nyuma ya paneli za nyuma kabisa. Imezeeka yote, ibadilishe yote. Moshi unaingia kwa kuwa umbo la gari linavuta hewa kutoka nyuma: raba ya mlango wa nyuma, gasketi za taa za nyuma, na bomba la ekzosi fupi lisilotokeza nje ya bampa. Ziba taa na mlango kwa tepu, endesha, uone kinachobadilika. Usizoee harufu hii. Monoksidi ya kaboni haina harufu yake yenyewe, na moshi unaounusa umekuja nayo.

Taa hafifu, mlango haufungi

Umeme wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya usukani na kisanduku cha fyuzi. Balbu zenye nguvu zaidi huyeyusha vyote viwili. Weka relei mbele ya gari, swichi ibaki kuamrisha tu.

Mlango ukianza kugota baada ya kuchomelewa sakafu na reli za chini, bawaba hazina kosa. Bodi imepinda ikiwa imenyanyuliwa bila kushikizwa. Pima pembe kwa pembe kwenye nafasi ya mlango, pande zote mbili, ulinganishe. Tofauti ikizidi milimita chache, reli itakatwa tena, safari hii milango ikiwa imefungwa mahali pake na pau zimechomelewa kuvuka nafasi ya mlango kabla ya msumeno kugusa chuma.